Sikio la Bibi Kizee



Hapana shaka wazazi wengi walio na vijana nyumbani wamepata kuiona ishara hii: mtoto hukunja mikono miwili kifuani, mmoja juu ya mwenzake, kisha hulitaja kwa sauti jina la nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote ya shule. Nchi hiyo ni Wakanda. Haina bandari, haina posta, wala hakuna mtu aliyezaliwa huko. Lakini hawakosekani Bariadi, Maswa wala Lamadi watoto waijuao kuliko waijuavyo wilaya ya jirani.

Jambo hili huwachekesha baadhi ya wazee, na wengine huwaudhi. Sisi twaona kuwa halistahili kuchekwa tu wala kukemewa tu. Lastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu kijana akishangilia kitu kwa moyo wake wote, hapo ndipo hujulikana analolitamani na analolikosa. Mzazi asiyejua mwanawe hushangilia nini, atajuaje mwanawe aelekea wapi?

Kwa faida ya wale wasiolijua jambo lenyewe, na tuanze na asili yake. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, walimbuni katika kitabu cha picha za kuchorwa mfalme wa Kiafrika aitwaye T'Challa. Nchi yake, Wakanda, haikupata kutawaliwa na wageni, na utajiri wake ni madini yasiyochimbwa popote ila katika mawazo ya watunzi. Mfalme huyo hunywa dawa ya mmea, akapata nguvu zipitazo za wanadamu, na huvaa vazi la chui mweusi. Mwezi wa Februari 2018 hadithi hiyo ilitoka katika sinema iitwayo Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, na mfalme akaigizwa na marehemu Chadwick Boseman.

Watu wa Afrika ya Mashariki waliipokea picha ile kama arusi ya jamaa yao. Lupita Nyong'o, binti wa Kikenya, alikuwamo. Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda, alikuwamo. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, alikuwamo pia. Huko Kisumu, ambako Profesa Anyang' Nyong'o, baba yake Lupita, alikuwa gavana, picha ile ilioneshwa kwa sherehe kubwa mwezi ule ule wa Februari. Kisumu si mbali na sisi kama tudhanivyo. Maji yanayopiga ufuko wake ndiyo yanayopiga ufuko wa Busega. Picha ikazunguka dunia nzima, na mapato yake yakapita dola bilioni 1.3.

Picha iliyopata sifa namna hiyo haiachwi ipumzike. Ikatangazwa kuwa itafuata ya pili, na watu wakakaa kuingoja. Mwezi wa Julai 2022 kilitolewa kipande kifupi cha kuwaonjesha watu, nacho kwa muda wa siku moja tu kikatazamwa mara milioni 172. Hatimaye, tarehe 11 Novemba 2022, picha yenyewe, Black Panther: Wakanda Forever, ikafunguliwa katika majumba ya sinema ya Marekani na ya nchi nyingine nyingi.

Tarehe hiyo, katika Mkoa wa Simiyu, wakulima walikuwa wakitazama mawingu. Katikati ya Novemba huanza majira ya kupanda pamba, na pamba ndiyo inayolisha, inayovisha na inayosomesha nyumba nyingi za mkoa huu, tangu Itilima hata Meatu. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Na sensa ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 2. Huku picha haiji kwa zulia jekundu. Huja ndani ya flashi na memori kadi. Hutazamwa katika simu, katika runinga ya sebuleni, na katika mabanda ambayo vijana wenyewe huyaita banda umiza, kwa jinsi mtu akaavyo humo juu ya benchi, bega kwa bega na mwenzake, katika joto, hata mwisho wa picha.

Wala aghalabu haiji peke yake; huja na mfasiri. Tanzania ilipata kumjua Lufufu, ambaye sauti yake iliingizwa katika kanda nyingi za video ili watu wasiojua lugha za kigeni wafuate hadithi. Na Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake huvuka mipaka. Mfasiri wa namna hii si mkalimani wa mahakamani. Huzidisha na hupunguza. Huwapa wageni majina ya mitaani kwetu. Hukemea adui, humwonya shujaa, na hucheka kabla watu hawajacheka. Kwa hiyo mtu aliyekaa bandani hutazama picha mbili kwa wakati mmoja: ile iliyotengenezwa Marekani, na ile inayotengenezwa na ulimi wa mfasiri. Twayasema haya ili msomaji afahamu kuwa mtazamaji wa kwetu si chombo kitupu kinachomiminiwa chochote.

Na hili si geni katika nchi hii. Baina ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka Vugiri, karibu na Korogwe, kituo cha kutengeneza picha za sinema za kuwafundisha Waafrika, nazo zikapelekwa huku na huku kwa gari. Wengi katika wakubwa wa enzi ile waliamini ya kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha ila ikiwa nyepesi na ya polepole. Miaka michache baadaye watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama picha ndefu za Kihindi, kama vile Awara ya mwaka 1951, wakizifuata mwanzo hata mwisho, na wengi wao hawajui Kihindi. Jibu likawa limetolewa na watazamaji wenyewe.

Basi, kama watazamaji wetu wana akili zao, waliionaje picha hii ya pili iliyotangazwa kwa kishindo? Kabla ya kujibu, na tukumbushane desturi moja ya Usukumani, ambayo wazee wa Bariadi waijua kuliko sisi.

Baada ya mavuno, Wasukuma wana ngoma za mashindano. Wachezaji wamegawanyika tangu zamani katika makundi mawili, Bagalu na Bagika. Bagalu wafuata njia ya Gumha, na Bagika wafuata njia ya Ngika, manju wawili walioshindana katika karne ya 19. Siku ya mashindano makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu huwa huru kwenda wapendako. Ushindi huhesabiwa kwa wingi wa watu: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Kwa ajili hiyo kila manju hutafuta la kuvutia watu. Huyu huleta nyoka, huyu huleta sanamu, huyu hutunga wimbo wa kumdhihaki mwenziwe. Na palikuwa na dawa za kuvuta watu, jambo ambalo sisi hatulikubali, lakini twalitaja kwa kuwa ni habari ya kweli.

Msomaji ataona kuwa biashara ya sinema ya Marekani ni ngoma ya Bagalu na Bagika iliyopewa fedha nyingi. Kile kipande cha mwezi wa Julai kilichotazamwa mara milioni 172 ndiyo dawa yao ya kuvuta watu. Na hukumu yao ni ile ile, hesabu ya umati. Kwa hesabu hiyo picha ya pili ilipata zaidi ya dola milioni 850, fedha nyingi mno, lakini chini ya ile ya kwanza. Huko Marekani iko desturi ya kuwauliza watazamaji mlangoni, wanapotoka, watoe alama kama za shuleni. Picha ya kwanza ilipewa alama ya juu kabisa, na ya pili ikapewa ile iliyo chini yake kidogo. Mfanyabiashara akisoma hesabu hizo, asema: imeshuka. Lakini hesabu ya umati yatuambia ni wangapi waliokuja; haituambii walirudi nyumbani na nini.

Walirudi na maneno ya namna nyingi. Wako waliosema picha ni ndefu, na kweli ni ndefu, dakika 161, hali ile ya kwanza ilikuwa dakika 134. Hawa walikwenda kutazama mapigano, wakakuta matanga. Wako waliosema haifai Wakanda bila T'Challa, na maelfu walitia majina yao katika ombi kwamba atafutwe mwigizaji mwingine wa kukaa mahali pa marehemu. Na wako waliowajibu kuwa kukiacha kiti kitupu ndiyo heshima. Wako waliochukizwa kuwa vazi la mfalme amelirithi dada yake, Shuri, na wako waliofurahi kwa sababu iyo hiyo. Na wako waliosema kuwa hii ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu imewaliza.

Na tusimame kidogo kwa hao waliolia, kwani machozi yao yana sababu. Chadwick Boseman aliambiwa mwaka 2016 kuwa ana saratani ya utumbo mpana. Hakuitangaza. Akaendelea na kazi yake, akacheza mfalme asiyeshindika hali mwili wake mwenyewe wauguzwa. Na mwaka 2018 alikwenda hospitali kuwazuru watoto wagonjwa wa saratani, na watu wengi wasijue kuwa mwenye kuzuru naye ni mgonjwa. Akafariki tarehe 28 Agosti 2020, mwenye umri wa miaka 43. Watengenezaji wa picha hawakuficha jambo hilo. Picha ya pili yaanza na mfalme akifa kwa maradhi. Dada yake, aliye mjuzi kuliko wote nchini, yumo katika chumba cha kazi akihangaika kuitengeneza ile dawa ya mmea, hata mama yao aingia na kumwambia kuwa kaka yake amekwisha kwenda. Kisha hupita sura za marehemu bila muziki wala neno. Mfasiri mwenye adabu hapo naye hunyamaza.

Katika picha za mashujaa kufa si kufa. Shujaa huanguka leo, akafufuka katika sehemu ya tatu, na mtoto huzoea kuwa hakuna msiba usiotenguka. Picha hii haikuweza kusema hivyo, kwa kuwa kaburi lilikuwa la kweli. Madini yote ya Wakanda na elimu yake yote hayakumzidishia mfalme hata saa moja. Mambo haya sisi tumefundishwa tangu utotoni, na kila tuingiapo nyumba ya msiba twakumbushana. Lakini ni vizuri kijana ayakute hata mahali asipoyatazamia, naye amekaa juu ya benchi akingoja ngumi.

Wako wazazi watakaosema, haya yote ni mchezo, na mchezo haumdhuru mtu. Na tuwatajie habari moja. Mwanzoni mwa picha hii wanaoneshwa askari wa Kifaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili waibe madini, wakakamatwa na kuaibishwa mbele ya mataifa. Mwezi wa Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alitoka hadharani kulaumu jinsi jeshi la nchi yake lilivyooneshwa, akawakumbuka askari waliokufa Mali. Hatuingii katika ugomvi huo. Twasema tu kwamba ikiwa waziri mwenye mizinga na merikebu aona hadithi ya kubuni yafaa kujibiwa, baba mwenye watoto watano hana haki ya kusema kuwa hadithi si kitu.

Sasa na tuje kwenye jambo tulilolikusudia.

Usukumani iko hadithi ya kale ya shujaa, kongwe kuliko sinema zote, na wako mabibi wa Simiyu waliolala watoto wao wakiisikia. Zimwi liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote na ng'ombe wao wote. Akaokoka mwanamke mmoja tu, mja mzito, aliyejificha katika makapi. Akazaa mtoto mwanamume, akamwita Masala Kulangwa. Mtoto alipopata fahamu, akamwuliza mama yake, watu wengine wako wapi? Akaambiwa. Akatoka kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akamletea mama yake, akauliza, ndiye huyu? La, siye. Akaua ndege; siye. Akaua mnyama, siye. Mpaka siku ile alipokutana na Shing'weng'we mwenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Watu wa pwani wanayo hadithi iliyo ndugu ya hii, ya Nunda mla watu, ambayo Edward Steere aliiandika Unguja na kuichapisha mwaka 1870.

Lau hadithi ya Masala Kulangwa ingekuwa sinema ya Marekani, ingekwishia hapo: zimwi limekufa, watu wamefurahi, zumari. Lakini Wasukuma hawakuikomesha hapo. Wasema kwamba kijana yule alipokuwa akilipasua zimwi, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo tumboni. Bibi yule akakasirika, akamwekea chuki. Wasimulizi hawasemi sawa juu ya yaliyofuata, kama ilivyo katika hadithi zote za mdomo, lakini kiini ni hiki, ya kuwa shujaa hakumjibu kizee, "Mimi nimeiokoa dunia nzima, wewe walia kwa sikio moja?" Alimtafutia dawa, akamponya. Na baada ya hayo ndipo watu walipomfanya mtemi wao.

Na tuyapime maneno haya, wasomaji wetu, kwani kipimo hiki ni kizito. Wote waliokuwa hai waliokolewa na mtu mmoja. Na katika hesabu ya wema wake kulikuwa na deni dogo, sikio la ajuza mmoja asiye na mtu wala mali. Wazee wa Usukuma wakasema, deni hilo lilipwe kwanza, ndipo aitwe mkubwa. Hii ndiyo tofauti ya shujaa na mwenye nguvu. Mwenye nguvu huhesabu aliowashinda; shujaa huhesabu aliowaumiza.

Kwa kipimo hiki twaweza kuitazama picha ya Wakanda, na kila picha ya namna yake, bila ya kungoja mtu wa magazetini atuambie kama ni nzuri. Tuulize: sikio liko wapi? Majumba yaangukapo, nani alikuwa ndani? Askari wasio na majina watupwapo baharini, mama zao ni nani? Mji ufurikapo maji, nani atauzika maiti? Picha nyingi za mashujaa hushindwa hapa. Hubomoa mji mzima katika muda wa kunywa kikombe cha chai, na shujaa huondoka asigeuke nyuma.

Kwa uadilifu hatuna budi kusema kwamba picha hii ya pili ilijaribu kulitazama sikio. Malkia Ramonda, mama yake Shuri, afa maji akimwokoa binti mmoja mgeni, siku adui Namor alipoleta gharika. Shuri, aliyempoteza kaka na sasa mama, avaa vazi la chui kwa nia ya kisasi, wala haifichi nia yake. Lakini mwisho, Namor akiwa chini na mkuki u shingoni mwake, amkumbuka mama yake na watu wa pande zote mbili, akauzuia mkono wake, vita vikakoma.

Hapa ndipo kijana huweza kutoka bandani akilalamika, mbona hakumwua? Swali hilo, ndugu mzazi, ndilo mlango wako. Usimnyamazishe, wala usimwambie haya ni mambo ya makafiri, nenda ukalale. Mwulize: yupi mwenye nguvu zaidi, yule auaye akiwa na uwezo, au yule aachaye akiwa na uwezo? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, siku alipoingia Makka na walio­mfukuza wako mikononi mwake, alifanya nini? Mtoto wako ayajua majibu, ameyasoma chuoni. Hakuwa bado ameyaunganisha na maisha yake. Kazi ya kuunganisha si ya mtengeneza sinema wala ya mfasiri, ni yako.

Hali kadhalika usifiche yasiyotufaa. Watu wa Wakanda huabudu mungu wa chui, huomba kwa wahenga wao, na hutafuta nguvu katika kinywaji. Mtoto wa Kiislamu aambiwe waziwazi kuwa hayo si itikadi yetu, na aambiwe kwa upole, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kufahamu Mola wake hatishiki kwa mungu wa kubuniwa. Aliye hatarini ni yule asiyefundishwa kitu; huyo akiletewa picha nzuri yenye rangi, huipokea yote, nyama na mifupa.

Liko jambo jingine lililofichika mwisho kabisa. Katika mabanda mengi, majina ya waigizaji yaanzapo kupanda, watu huinuka na mwenye banda huweka picha nyingine. Lakini baada ya majina ya kwanza kipo kipande kidogo. Shuri yuko Haiti, ameketi ufukoni, na Nakia, aliyekuwa mpenzi wa T'Challa, amletea mtoto wa kiume. Ndiye mwana wa marehemu mfalme. Wazazi wake walikubaliana alelewe mbali na kiti cha enzi, asije akavunjika kwa uzito wa jina la baba yake kabla hajawa mtu. Sisi twaona kwamba katika dakika zote 161 hakuna mafunzo yaliyo karibu zaidi na nyumba zetu kuliko hayo. Ni wangapi kati yetu huwatwisha watoto wadogo ufahari wetu, huwataka washinde mtoto wa jirani, wapate alama za kwanza, watangazwe, kabla hatujawaacha wawe watoto? Na mafunzo hayo wengi hawakuyaona, kwa haraka ya kwenda zao.

Sasa twatoa shauri letu kwa wazazi na kwa vijana, nalo ni jepesi.

Kwanza, fahamuni kwamba iko Bodi ya Filamu, na iko Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayotaka picha zikaguliwe na zitajwe zafaa umri gani. Lakini bodi haikai katika kila simu wala katika kila banda. Mlinzi wa karibu ni mzazi. Mtoto wa miaka saba hana haja ya picha iliyokusudiwa kijana wa miaka kumi na mitano, hata kama kaka yake amekwisha kuiona.

Pili, jueni banda ambalo watoto wenu huenda: nani mwenyewe, huonesha nini baada ya giza, na nani hukaa benchi la nyuma. Mwenye banda ni mfanyabiashara kama wengine, na wako walio waungwana. Mzazi akienda akamsalimu na kumwambia, "Huyu ni mwanangu," nusu ya ulinzi imekwisha kupatikana. Na picha ya dakika 161 iliyoanza jioni itaipita Magharibi, na huenda ikaigusa Isha. Kijana apange mapema, aswali kwanza, ndipo akae. Picha haikimbii, iko ndani ya flashi.

Tatu, mkiweza, itazameni pamoja nyumbani. Baba aliyerudi shambani na mama aliyemaliza kazi za jioni wakikaa na watoto wao mbele ya hadithi moja, hupata mazungumzo ya juma zima. Na bibi akiwapo, mwombeni baada ya hapo awasimulie Masala Kulangwa kwa Kisukuma chake, na watoto wamweleze yeye habari za Shuri. Msishangae ikiwa bibi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza juu ya sikio.

Na nyinyi vijana, hatuwaambii mwache kupenda mashujaa. Mtu asiye na shujaa hana cha kuigiza. Twawaambia tu mwe wagumu wa kuridhika. Msishangilie kwa kuwa dunia nzima imeshangilia, wala msidharau kwa kuwa mwenzenu amedharau. Hiyo ni kuhesabu umati. Kesho itatangazwa picha nyingine, na baada yake nyingine, kila moja kwa ngoma kubwa kuliko iliyotangulia. Ziendeni, kama zafaa na wazazi wameridhia, mkiwa na swali lenu mfukoni. Na swali hilo mliulize vilevile shuleni, sokoni, na katika mambo ya mji, kila mtu anapojisifu mbele yenu kwa mema aliyoyatenda: ni nani aliyekatwa sikio, na je, amekwisha kutibiwa?

Tena kijana mwanzo ajiulize mwenyewe. Msimu wa pamba ukija, na baba akimtuma shambani, na mdogo wake akibaki nyuma amechoka, hapo hapana vazi la chui wala dawa ya mmea. Pana jembe, pana jua, na pana mdogo wake. Hapo ndipo huonekana ni nani shujaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, awape macho ya kuona na nyoyo za kupambanua, na awajaalie wazazi subira ya kuwasikiliza. Wabillahi tawfiq.